Saa ya mazoezi inanipunja kilomita, naomba ushauri

Habari wakuu. Nina saa ya mkononi ya mazoezi, ile isiyo na GPS yake yenyewe. Inahesabu hatua kisha inazidisha kwa urefu wa hatua. Sasa imeanza kunivuruga.

Juzi nilienda uwanja wa riadha, nikakimbia njia ya ndani kabisa mizunguko 12 na nusu. Kila mzunguko ni mita 400, kwa hiyo hapo ni kilomita 5, hakuna ubishi. Saa ikaniandikia 4.4! Nikitembea mdogomdogo mambo yanageuka, inanizidishia. Na siku nikisukuma kigari cha mtoto, mkono umetulia kwenye mpini, ndiyo kabisa, nusu ya safari haionekani.

Nahisi tatizo ni urefu wa hatua, maana mwanzoni niliiwekea kimo changu tu, ikajikadiria yenyewe. Lakini hatua ya kukimbia si ya kutembea, na nikichoka zinafupika. GPS ya simu nayo nimeijaribu: penye uwazi iko vizuri, ila kati ya maghorofa ramani inaonyesha nimepita ndani ya majengo ya watu kama mzimu.

Mliowahi kurekebisha urefu wa hatua wenyewe, mliweka namba moja au mbili tofauti? Na mnaotumia saa zenye GPS, huwa mnasubiri ishike setilaiti kwanza au mnaondoka tu? Najiandaa na mbio za kilomita 21 na hadi leo sijui kasi yangu halisi ni ipi.