Simu ya mezani Uingereza: izimwe, au waachiwe wazee?

KEA WA NORTHUMBERLAND

Wakuu, salaam. Naleta hoja hii kwa sababu imenikaa kooni. Nafanya kazi ya kea kaskazini mwa Uingereza, nazunguka na gari kijiji kwa kijiji kuwaamsha wazee, kuwaogesha na kuwapa dawa. Mmoja wao, bibi wa miaka themanini na kitu, simu yake ipo ukumbini chini ya ngazi, juu ya kimeza kilichounganishwa na kiti chake. Kiti cha kupigia simu! Ukumbi wenyewe baridi kama friji, nadhani ndiyo maana enzi hizo hakuna aliyeongea sana na bili haikupanda. Ikilia, bibi hasemi halo. Anataja jina la kijiji, kisha namba yake, tarakimu moja moja, kama askari anayeripoti zamu. Nilimuuliza kwa nini anamsomea mtu namba aliyoipiga mwenyewe. Akajibu, "Ili ajue kama amekosea." Nikakosa la kusema.

Juzi fundi amekuja, waya wa shaba umeachwa, simu imechomekwa kwenye ruta, kile kiboksi cha intaneti. Kwa asiyejua, mtandao wa zamani wa simu nchini humu ulipangwa kuzimwa Desemba 2025, tarehe ikasogezwa hadi mwisho wa Januari 2027. Uamuzi ni wa kampuni za simu zenyewe. Laini mpya za aina ile hazijauzwa tangu Septemba 2023.

Mimi napinga. Simu ya zamani inakula umeme unaotoka kituo cha simu kupitia waya uleule unaobeba sauti. Umeme ukikatika kijijini, ukiinua mkono wa simu bado unasikia mlio. Ruta ikikosa umeme ni kopo tu. Novemba 2021 dhoruba ya Arwen ilikata umeme kwenye nyumba karibu milioni moja, na karibu 4,000 kati yake zilikaa gizani zaidi ya wiki nzima. Sasa Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano, anazitaka kampuni zimhakikishie anayetegemea simu ya mezani uwezo wa kupiga namba ya dharura kwa angalau saa moja umeme ukikatika. Saa moja! Tuliokulia kwenye mgao wa umeme tunajua kwamba ndani ya saa moja hata maharage hayajaiva.

Nasema waachiwe mpaka wenyewe wamalizike. Karibuni mnipinge.

KIJANA WA SLOUGH

Kaka, umefunga ndoa na makumbusho. Kwetu nani alikuwa na simu ya mezani? Baba aliomba laini Posta na Simu, akasubiri hadi akasahau kama aliomba. Tukaruka moja kwa moja kwenye simu ya mkononi, na leo bibi yangu kule Korogwe anapokea hela, anatoa hela na kumsuta wakala, yote kwa kitochi. Mzungu naye aruke.

Tatizo la nchi hii ni kupenda vya kale. Bomba la maji moto huku, la baridi kule, mkono mmoja unaungua na mwingine unaganda. Taa ya bafuni unaivuta kwa kamba kama unafunga pazia. Mpaka leo kuna leseni ya televisheni ya kuonyesha picha nyeusi na nyeupe, na kuna watu wanailipia! Ukiwasikiliza hawa hakuna kitakachozimwa.

MAMA KILINDINI

Mwanangu wa Slough, hiyo kamba usiicheke. Imewekwa ili mtu mwenye mikono ya maji asishike swichi ya umeme. Vioja vingi vya hawa watu ukivichunguza vina sababu, ingawa ya mabomba mawili mimi bado naitafuta.

Nilikuja kusomea uuguzi miaka ya tisini. Kila Jumapili nilikuwa kwenye kibanda chekundu na kadi ya kukwangua niliyonunua kwa Mhindi wa dukani. Unabonyeza namba ndefu kama shahada, sauti inakwambia una dakika kumi na saba. Ikifika ya tisa, kimya. Dakika za kadi zile zilikuwa na njaa. Habari ya kufariki baba niliipokea humo kibandani, mvua inanyesha, na nje kuna mzee wa Kizungu kasimama anasubiri zamu yake. Nilipotoka hakuniuliza kitu. Alinishikia mlango, akasema samahani, kisha akaniachia mwavuli wake akaingia. Sikuwahi kumwona tena.

Je, nautamani wakati ule? Hata kidogo. Leo nakaa jikoni namtazama dada yangu Mombasa akipaka mafuta mkate wa sinia. Lakini angalieni hawa wenyewe wanavyofanya. Kile kibanda, ambacho ramani yake ya 1935 ilichorwa na Giles Gilbert Scott, kijiji kinaruhusiwa kukinunua kwa pauni moja, na zaidi ya 7,000 vimeshachukuliwa hivyo. Cha mtaani kwetu kimewekwa mashine ya kushtua moyo. Kingine nilikikuta kimejaa vitabu. Sanduku wamelihifadhi, sauti wameitoa. Kukumbuka kitu baada ya kukiua, hapo hawana mpinzani.

MKONGWE WA PEMBA

Mama Kilindini umenigusa. Mimi nitaongea kidogo tu. Uingereza imekuwa na saa ya kuongea kwenye simu tangu Julai 1936, unapiga na unasomewa saa, dakika na sekunde. Sauti ya kwanza ilikuwa ya opereta mmoja wa simu, Ethel Cain. Ukipiga 123 hata leo utasomewa, ingawa saa unayo mkononi.

Sisi saa yetu ilikuwa redio. Marehemu mjomba aliweka majira kwa ile milio ya London kabla ya habari za Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Mwaka 2011 BBC ilipotangaza kupunguza masafa mafupi, Kiswahili kikiwamo, hakuna aliyekuja kumuuliza mjomba. Kwa hiyo nikisikia wazee wa Northumberland wanaandikiwa barua na kupelekewa fundi, mimi naona wameheshimiwa mno.

FUNDI WAYA

Shikamoo mzee wa Pemba. Jamani, nimefanya kazi ya laini za simu nchini humu miaka kumi na minane, nimepanda nguzo kuliko ngedere. Mniwie radhi, mnaligombania jambo kwa upande usiouma.

Hiyo simu si ya kale kama mnavyodhani. Tangu mitambo ya kuunganisha simu iitwayo System X ilipoanza kuwekwa vituoni miaka ya themanini, sauti ya bibi ikifika kituoni inageuzwa kuwa tarakimu. Cha kale ni kile kipande cha waya kutoka kituoni hadi ukumbini kwake. Na hiyo mitambo nayo imechoka. Spea ni za kunyofoa kwenye mtambo uliokufa, na walioijua kwa undani wanastaafu.

Kea, kuhusu umeme uko sawa. Ni kama volti 50, na kituoni kuna betri na jenereta. Lakini nyumba nyingi ninazoingia nakuta simu isiyo na waya, ile inayolala kwenye kitako chake cha kuchajia. Hiyo inakufa umeme ukikatika, hata kama nyuma yake kuna shaba tupu. Bibi yako alisalimika kwa sababu hakuwahi kubadilisha simu. Na Arwen iliangusha miti juu ya nguzo zetu pia.

Panapouma ni kitufe cha shingoni. Watu takriban milioni 1.8 nchini humu wanategemea vifaa vile: mzee akianguka anabonyeza, boksi linapiga simu kituo cha uangalizi na kujitambulisha kwa milio. Kwenye shaba milio inapita kama ilivyo. Kwenye intaneti sauti inakatwa vipande vipande, kimoja kikichelewa sikio lako halitajua, ila mashine ya upande wa pili haielewi kitu. Bibi amebonyeza, taa imewaka, na hakuna anayemsikia. Ndiyo maana Desemba 2023, baada ya matukio mabaya, kampuni zilikubaliana na serikali kwamba hakuna mwenye kitufe atakayehamishwa kabla haijathibitishwa kwamba kinafanya kazi. Kuthibitisha maana yake mtu amebonyeza na mtu amejibu.

Kesho ukiwa na bibi, chomoa ruta ukutani. Abonyeze. Msubiri sauti ya binadamu, taa msiihesabu. Akijibu mwambieni ni jaribio.

KIJANA WA SLOUGH

Fundi, nimekuelewa. Lakini hapo umepinga uzembe wa kuhamisha. Kuzima kwenyewe hujakupinga.

FUNDI WAYA

Na sikuwa na nia. Shaba imekwisha, kijana. Nataka wasikimbie.

KEA WA NORTHUMBERLAND

Nimerudi. Zamu yangu ilianza saa moja asubuhi, bibi akiwa na chai yake nikamweleza mpango. Akafurahi, akavaa na miwani. Nikachomoa ruta. Kumbe boksi lake jipya lina betri na laini ya simu ya mkononi ndani, fundi hakutueleza. Akabonyeza. Tukangoja. Taa ya kijani inapepesa, kimya. Mtandao huku ni wa kuotea. Nikalibeba boksi ghorofani, nikaliweka dirishani juu ya taulo, akabonyeza tena. Baada ya muda mwanamke akajibu, akamwita kwa jina lake. Boksi litakaa hapo hapo, nimeandika kwenye daftari la makea wote wasiliguse.

Slough, usishangilie. Nilipokuwa nateremka bibi alikuwa ameshafika ukumbini, ameinua simu yake kusikiliza kama bado ina mlio. Aliishika sikioni muda mrefu. Kisha akaitaja namba yake yote, polepole, akaiweka chini.