Sehemu za kanzu na gomesi: nyie mafundi mnaziitaje?

Sindano_Arua
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nina kibanda cha ushonaji hapa Arua, Uganda. Chuoni tulifundishwa kwa Kiingereza, nyumbani tunaongea Kilugbara, lakini wateja wangu wengi wanavuka kutoka Ariwara, upande wa Kongo, na wao ni Kiswahili moja kwa moja. Kwenye shati na sketi tunaelewana: kola, kafu, mfuko, marinda, zipu, lastiki. Kanzu ndiyo inayonitoa jasho. Juzi kaja hajji mmoja na oda ya wanawe, akaniambia, "Taharizi usizibane, na lisani iwe ndefu." Nikaandika kama nilivyosikia. Kitambaa bado sijakikata.
Naombeni majina ya vipande na kazi ya kila kimoja, nichore kwenye daftari la oda. Mwenye ujuzi wa gomesi, ile nguo ndefu ya wamama wa Uganda, pia asinipite.

Mzee_Kisenyi
Marahaba binti. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya mkasi. Huyo hajji anajua nguo, usimletee ujanja.

Tandaza kanzu mezani. Kipande kikubwa cha mbele, kutoka begani mpaka chini, ni badani. Cha nyuma vilevile ni badani. Vile virefu vya ubavuni, vyembamba juu na vipana chini, ndizo taharizi. Hizo ndizo zinampa mtu nafasi ya kupiga hatua. Zamani kitambaa kilikuwa chembamba, usingepata upana bila kuunga. Leo ukinunua chenye upana wa inchi 60 hapo Kiyembe, Kampala, unaweza kutanua badani lenyewe bila kuunga kitu, na vijana wengi wanafanya hivyo. Mimi naunga. Kanzu ya taharizi inaanguka wima, hii nyingine inapepea kama gauni.

Sasa kikwapa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo mafundi wanapokimbia kazi. Ni kipande kidogo cha mraba, cha mtu mzima nakata kama inchi tatu kwa tatu na nafasi ya mshono juu yake. Hakikai sawasawa, kinakaa kwa pembe: pembe moja inaingia kwenye mshono wa mkono, inayoelekeana nayo inaingia kwenye mshono wa ubavu. Ukikiruka, kanzu itapendeza mtu akiwa amesimama. Siku akiinua mikono kwa takbira utasikia kwapa linaachia. Pembe zile rudia mshono mara mbili.

Shingoni, utepe wa ndani unaofunika ukingo ni kaba. Chini ya mpasuo wa kifua kuna kipande chembamba kinachoning'inia ndani: hiyo ndiyo lisani. Hajji anataka ndefu ili akiinama kwenye rukuu kifua kisionekane. Upindo mpana uliogeuzwa ndani, mikononi na chini, ni sijafu.

Busia_Mama_Nguo
Mzee heshima yako, ila hapa Busia ukimwambia mteja "badani" atakutazama tu. Tunasema mbele na nyuma, na sijafu tunaita pindo, basi. Dada, kwenye daftari andika yote mawili, la hajji na la sokoni.

Gomesi nijibu mimi. Shingo ni ya mraba. Vifungo ni viwili, upande wa kushoto wa shingo, na usije ukahamisha kulia, wamama watakurudishia. Mikono ni mifupi yenye ncha begani, na ncha ndiyo inayomtambulisha fundi: mimi naweka kitambaa kigumu ndani, kisha napiga pasi kabla ya kuunganisha na mwili. Mshipi unafungwa chini ya kiuno, juu ya nyonga, ncha zake zinaning'inia mbele. Ndani mama anafunga kikoi ili kitambaa kisimnate miguuni. Kitambaa usikubali pungufu, gomesi ya mama mnene inaweza kula mita sita. Jina lenyewe limetokana na Gomes, fundi Mgoa, kwa hiyo usihangaike kulitafutia Kiswahili.

Sindano_Arua
Mungu awabariki. Mzee, na ile nyuzi nyekundu iliyoiva kwenye kanzu za kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa), shingoni, mikononi na hapa tumboni?

Mzee_Kisenyi
Baganda wanaiita omuleela. Kazi yote ya nyuzi za mapambo kwa Kiswahili ni darizi. Siku hizi inapigwa kwa mashine, safi lakini mistari yote ina sura moja. Muulize hajji kwanza, maana kanzu ya kuvalia koti kwenye kwanjula na ya kuendea msikitini si lazima zifanane. Wengine wanataka nyeupe tupu.

@Busia, la vifungo nimekubali. La pindo hapana. Pindo hata leso inayo.

Busia_Mama_Nguo
Haya mzee, sijafu yako nimeikubali, lakini kwa bei ya Kisenyi 😂

Sindano_Arua
Swali la mwisho: lisani naikata kitambaa kilekile au bitana?

Mzee_Kisenyi
Kilekile. Ipite mwisho wa mpasuo kwa inchi mbili, na uishone upande mmoja tu, la sivyo kichwa hakitapita.