Mrejesho: Tulifikia Vuga, si Malindi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwezi uliopita niliuliza tufikie wapi mjini Unguja, mimi na mama, tukitoka Pemba kwa kliniki yake ya macho hospitali ya Mnazi Mmoja, bila ya kulipa bei za watalii. Tumesharudi salama, alhamdulillahi.

Mimi nilishaielekea Malindi, mtaa wa hapo hapo mjini Unguja, kwa kuwa ni karibu na bandari. Aliyenambia nichague mtaa wa Vuga, ulio karibu na hospitali, Mungu amlipe kheri: bandarini tulipita mara mbili tu, hospitali tulikwenda siku nne mfululizo, na mama alikwenda kwa miguu yake, taratibu. Ushauri wa kuomba chumba cha chini ndio uliotufaa zaidi. Ngazi za nyumba za Mji Mkongwe zimesimama mno, na magoti ya mama hayaziwezi. Nilipiga simu kabla, nikataka nitajiwe bei ya mkaazi, kwa shilingi. Ikashuka, si haba.

Lililoshindikana ni chai ya asubuhi. Imo kwenye bei, lakini hutolewa kuanzia saa mbili, nasi saa moja tushatoka kuwahi foleni. Niliomba tufungiwe mkate na mayai. Siku ya kwanza wakatufungia, baadae wakasahau. Maji nayo yalikatika usiku mmoja. Mlinikumbusha niulize kama nyumba ina tangi la maji, sikuuliza. Atakayekwenda na mgonjwa aulize yote mawili kabla ya kulipa.

Jioni ya mwisho nilimpeleka mama bustani ya Forodhani, pale ufukweni, akapunga upepo. Ahsanteni sana, mama anakusalimieni.