MREJESHO: Yule mtunzi chipukizi wa muziki wa filamu yangu

Habari zenu wakuu. Mwezi wa tatu niliwauliza: filamu yangu fupi ya dakika 18 nimpe kijana asiye na jina aitungie muziki, au ninunue muziki uliokwisha tengenezwa?

Nilimpa kijana. Kasoma TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, studio yake ni chumba cha kupanga Mbagala, magodoro ukutani. Mlisema nimjaribu na kipande kimoja kwanza, nikampa dakika mbili za bibi anayesubiri pantoni Kigamboni. Mimi kichwani nilikuwa na vinanda vizito. Yeye akaleta zeze peke yake, na pale bibi anapofungua fundo la khanga atoe nauli, akalinyamazisha kabisa. Nikasikia sarafu zikigongana. Siku hiyohiyo nikampa kazi yote.

Kosa likawa langu. Nilikata sekunde 11 wakati ameshatunga; muziki unafika mlangoni, mtu kashakaa sebuleni. Ikabidi arudie, nikamwongezea laki moja, haki yake. Jamani, malizeni kuhariri picha ndipo mumwite mtunzi.

Malipo: nusu mwanzo, nusu makabidhiano. Mkataba ukurasa mmoja: hakimiliki yake, mimi nina ruhusa ya kuutumia kwenye filamu na trela. Aliyetaja COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, asante; kijana anakwenda kuusajili muziki huo kwa jina lake.

Sasa tunabishana sauti tu. Mimi naona zeze linameza maneno ya bibi. Yeye anasema bibi ndiye ananong'ona mno.