Mgeni katika anime aanze na filamu ipi?

Mgeni wa Anime

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu. Nimezoea filamu za waigizaji wa kawaida na sasa nimevutiwa na filamu za katuni za Kijapani, ila majaribio yangu mawili ya mwanzo yameniacha njia panda. Ya kwanza niliichagua kwa sababu ilisifiwa kila mahali, lakini baada ya nusu saa niligundua kwamba wahusika wanazungumzia mambo yaliyokwisha kutokea, kumbe ni mwendelezo wa tamthilia ambayo sijaona hata sehemu moja. Ya pili niliiweka nikiwa na mdogo wangu wa miaka saba, nikiamini kwamba katuni ni ya watoto, na haikupita robo saa nikaizima kwa sababu ya damu. Hata hivyo sitaki kuacha, kwa maana katika dakika hizo chache niliona mvua na mwanga vilivyochorwa kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Naombeni mnieleze mgeni achague kwa vigezo gani, kwani nina nafasi ya filamu moja tu kwa wiki. Natanguliza shukrani.

Msomaji wa Picha

Ndugu mleta mada, yaliyokupata huwapata wengi, kwa sababu neno anime halitaji aina ya hadithi. Wajapani huchora mapenzi, vita, sayansi na hofu kuu, kwa watoto na kwa watu wazima. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza ni kama filamu inajitegemea. Demon Slayer: Mugen Train ya mwaka 2020, kwa mfano, huanzia pale msimu wa kwanza wa tamthilia ulipoishia, na asiyeiona tamthilia hiyo atafurahia mapambano bila kujua kwa nini kijana yule anambeba dada yake ndani ya sanduku mgongoni.

Mimi ningekuanzisha na Spirited Away ya mwongozaji Hayao Miyazaki, iliyotoka mwaka 2001 na kupata Oscar mwaka 2003. Sikupendekezei kwa ajili ya tuzo. Chihiro, msichana wa miaka kumi, anaingia katika nyumba ya kuogea ya miungu akiwa hajui lolote, wazazi wake wamegeuzwa nguruwe, naye mchawi mwenye nyumba anamnyang'anya sehemu ya jina lake. Kwa kuwa yeye mwenyewe ni mgeni, kila anachoelezwa unaelezwa na wewe, na hilo ni msaada mkubwa kwa mtazamaji asiyefahamu mila za Kijapani. Utakapofika kwenye safari ya treni juu ya maji, usiharakishe mbele ukidhani hakuna kinachotokea. Miyazaki aliwahi kuueleza utulivu wa namna hiyo kwa kupiga makofi: ule ukimya kati ya kofi na kofi Wajapani huuita "ma", na yeye huuacha kwa makusudi. Anayeuzoea ukimya huo mapema huzielewa filamu zake nyingine kwa wepesi.

Mdogo wako mwekee My Neighbor Totoro, ambayo haina adui hata mmoja na huchukua dakika 86 tu. Lakini usijiaminishe kwa jina la Studio Ghibli, iliyozitengeneza Spirited Away na Totoro, peke yake. Mwezi Aprili 1988 studio hiyo iliitoa Totoro kwenye sinema pamoja na Grave of the Fireflies ya Isao Takahata, inayosimulia kaka na dada wadogo wanaoteseka kwa njaa mwaka 1945, baada ya mji wa Kobe kuchomwa kwa mabomu. Ni filamu ninayoiheshimu kuliko nyingi, na sitamwekea mtoto wa miaka saba.

Mwanafunzi wa Sinema

Naafikiana na ndugu hapo juu kuhusu mtoto, ila kwa mleta mada mwenyewe nina mawazo tofauti kidogo. Mtu aliyezoea filamu za waigizaji anaweza kuingia kwa urahisi zaidi kupitia Tokyo Godfathers ya Satoshi Kon, ya mwaka 2003, ambamo watu watatu wasio na makazi wanaokota kichanga usiku wa kuamkia Krismasi na kuzunguka jiji wakimtafuta mama yake. Haina mizimu wala roboti. Kon alikamilisha filamu ndefu nne tu kabla ya kufariki mwaka 2010, lakini usianze na Perfect Blue, kwa kuwa ina ukatili wa kijinsia unaohitaji moyo ulioandaliwa.

Umetaja mvua. Itafute The Garden of Words ya Makoto Shinkai, ya mwaka 2013: ni dakika 46, na sehemu kubwa ni kijana anayetamani kuwa fundi viatu na mwanamke anayekutana naye bustanini kila asubuhi ya mvua.

Akira ya mwaka 1988 utashauriwa na wengi. Michoro yake ni ya ajabu kweli, ila Katsuhiro Otomo alikibana kisa kirefu sana cha vitabu vya katuni katika saa mbili, tena kabla hajamaliza kukiandika, hivyo ukipotea humo haitakuwa kosa lako. Iache kwanza.

Mpenda Lugha

Nami nina jambo moja dogo: angalia urefu wa nakala. Nausicaä, filamu nyingine ya Miyazaki, ya mwaka 1984, ina dakika 117, lakini ile iliyotolewa Marekani miaka ya themanini ilikatwa zaidi ya dakika ishirini na kupewa jina jingine. Kuhusu sauti, wewe sikiliza Kijapani huku ukisoma tafsiri chini ya picha; mtoto ambaye bado anasoma polepole mtafutie iliyotiwa sauti kwa lugha anayoielewa.

Mgeni wa Anime

Nawashukuru sana ndugu zangu. Wiki hii nitatazama Spirited Away peke yangu, wiki ijayo Totoro pamoja na mdogo wangu, kisha ile ya mvua. Akira nimeiahirisha. Nitarudi kuwaeleza nilivyoiona sehemu ya treni.