Nyuzi za gitaa la besi ziko juu mno ilhali daraja limeshushwa hadi mwisho

Besi_Nne:
Habari zenu wakuu. Ninalo gitaa la besi la nyuzi nne, ambalo shingo yake imefungwa kwa skrubu nyuma ya mwili. Nikipima uzi wa E, ule mnene kuliko wote, kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), nakuta uko milimita 4 juu ya freti, na kadiri mkono unavyosogea kuelekea mwilini ndivyo uzi unavyozidi kuachana na shingo. Freti za mwanzo hazinipi taabu. Vibebeo vya nyuzi kwenye daraja, kile kipande cha mwilini zinapoishia nyuzi, tayari vimelala chini kabisa. Nimeshauriwa kukaza chuma kinachopita ndani ya shingo ili nyuzi zishuke. Je, ushauri huo ni sahihi?

FundiNyuzi:
Usikaze chochote kabla hujapima, ndugu. Kazi ya chuma hicho ni kukabiliana na mvuto wa nyuzi, ambao katika besi ya nyuzi nne kwa kawaida huzidi kilo 70, ili shingo ibaki na mbonyeo mdogo tu. Si kifaa cha kupandishia na kushushia nyuzi, ingawa wengi hukitumia hivyo. Tuni gitaa kwanza, kisha ubonyeze uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, na uangalie nafasi iliyobaki juu ya freti ya 7 au ya 8. Ikiwa ni karibu milimita 0.3, shingo haina kosa. Ikizidi sana, kaza robo mzunguko kwa mwelekeo wa saa, utuni upya, ndipo upime tena. Shingo iliyokazwa kupita kiasi hupinda kwa nyuma, na nyuzi huanza kugonga freti za mwanzo.

Besi_Nne:
Ahsante. Nimepima kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi ndogo), na nafasi ni milimita 0.3.

Seremala_wa_Muziki:
Basi chuma hicho kiache kama kilivyo. Dalili ulizozieleza zinatosha kuonyesha chanzo: kama tatizo lingekuwa kwenye kile kijiti chenye mifereji upande wa kichwa, freti za mwanzo ndizo zingekuwa ngumu kubonyeza. Kwako nyuzi zinainuka kuelekea mwilini na daraja halina tena pa kushuka, kwa hiyo kilichokosewa ni pembe ya shingo.

Legeza nyuzi, fungua shingo, kisha uweke kipande chembamba cha karatasi ngumu ndani ya tundu inamokaa shingo, kwenye ukingo ulio karibu na daraja. Usikiweke upande wa pili, kwa maana nyuzi zitapanda badala ya kushuka. Kipande cha nusu milimita huonekana kidogo mno, lakini kwa kuwa daraja liko mbali na tundu hilo, kinaweza kushusha uzi kwa zaidi ya milimita 1 kwenye freti ya 12. Anza na chembamba zaidi ya hapo. (Shingo iliyogundishwa kwa gundi haifanyiwi hivi, hiyo mpelekee fundi.)

FundiNyuzi:
Nakubaliana na chanzo, ila karatasi mimi naiona kuwa ya majaribio tu. Huacha uwazi chini ya kitako cha shingo, na skrubu zikikazwa mbao inaweza kupinda polepole kuufuata uwazi huo. Ukishajua unene unaofaa, chonga kabari ya mbao ngumu inayojaza tundu lote, nene upande mmoja na nyembamba kama wembe upande wa pili.

Seremala_wa_Muziki:
Kabari ni bora, sibishi, ingawa nimefungua magitaa ya zamani yenye karatasi yakiwa hayana kasoro yoyote.

Baada ya hapo vibebeo vyako vitapata nafasi ya kupanda na kushuka. Uzi wa E ukae kati ya milimita 2 na 2.5 kwenye freti ya 12, na wa G, ule mwembamba kuliko wote, uwe chini kidogo ya hapo. Anayepiga kwa nguvu aziinue nyuzi kidogo. Kumbuka kwamba kushusha kibebeo kwa milimita 1 hushusha uzi kwa nusu tu kwenye freti hiyo. Mwisho, linganisha sauti ya uzi ukibonyezwa kwenye freti ya 12 na sauti ya kengele ya uzi huohuo ukiguswa tu hapo juu: ile ya kubonyeza ikiwa kali zaidi, sogeza kibebeo nyuma, mbali na shingo.