Klabu ndogo ya sataranji Mtwara: kiwango hakipandi na washindi ni walewale

Kusi_Mtwara

Habari zenu wakuu. Tupo watu wanane, tunakutana Shangani jioni ya Jumanne na Jumamosi. Tuna mbao tatu. Saa ya sataranji hatuna. Wengi wametokea kwenye drafti na bao la barazani na sheria wanazijua. Tatizo ni kwamba michezo inaisha kwa dakika tano, mtu anapoteza malkia, watu wanacheka, kete zinapangwa upya. Halafu wawili ndio wanaoshinda kila siku na wengine wameanza kukacha. Tukikutana kwa saa mbili tufanye nini hasa? Mtu akiwa nyumbani afanye nini? Na vifaa vya heshima tuvipate vipi hukuhuku Kusini? Ila jamani, msinitume kukariri mafunguzi. Hakuna atakayeyakariri.

Farasi wa Ligula

Mkuu, hapo kwenye drafti ndipo penye jibu la nusu ya tatizo lako. Kwenye drafti kula ni lazima. Kwenye sataranji kula ni hiari, isipokuwa pale ambapo hakuna hatua nyingine halali. Mtu aliyekulia kwenye drafti akiona kete inalika, mkono unatangulia na akili inafuata. Mfano wa kila siku: askofu wako yuko g5 (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa ubao), amembana farasi wa f6 ambaye nyuma yake kuna malkia kwenye d8, kwa hiyo farasi akiondoka malkia analiwa. Mpinzani anasukuma askari h6. Mkono wa drafti unakula farasi papo hapo. Malkia mweusi anakula f6, amefika mahali pazuri bila kupoteza hatua, na wewe umebadilisha askofu kwa farasi bila kupata faida yoyote. Kumrudisha askofu h4 kungeacha mbano palepale.

Dawa yake ni mchezo wa askari. Toeni kete zote, bakizeni wafalme wawili na askari wanane kila upande, kwenye nafasi zao za kuanzia. Wa kwanza kufikisha askari mwisho wa ubao bila kuliwa papo hapo ameshinda. Kinaonekana kitu cha watoto, lakini ndani ya mizunguko michache kila mtu atagundua kwamba kula ovyo kunamfungulia mwenzake njia. Kula kwa kupita nako watakuelewa vizuri, maana hapo ndipo huwa mabishano: askari akiruka miraba miwili na kutua ubavuni mwa askari wako, unaweza kumla kana kwamba amesogea mmoja tu, ila ni kwenye hatua ileile inayofuata. Ukisubiri, haki imepotea.

Kuhusu malkia kupotea kwa dakika tano, ufunguzi hauna kosa. Michezo mingi ya ngazi ya klabu huamuliwa na kete iliyoachwa bila mlinzi. Kabla mkono haujagusa kete, mtu aangalie: kete aliyosogeza mpinzani sasa inatazama wapi, na imeacha kulinda nini? Kuna cheki (kumtishia mfalme) gani, kula gani na kitisho gani, kwa pande zote mbili? Nikisogeza hii, ipi inabaki yatima? Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, kwa sababu macho yanaifuata kete inayokwenda na kusahau mahali ilipotoka.

Na mfuate sheria ya kugusa tangu leo: kete yako uliyoigusa kwa kusudi uisogeze, ya mpinzani uliyoigusa uile, ilimradi hatua iwe halali. Kama unataka kuinyoosha tu, sema "naweka sawa" kabla ya kugusa, tena ukiwa kwenye zamu yako. Klabu inayoruhusu kurudisha hatua inafundisha watu kutofikiri.

Kete Nyeusi

Nijibu la vifaa. Usihangaike na ubao wa mbao, unyevu wa pwani unaupinda na gundi inaachia. Nenda kwa wanaochapa mabango, waambie wakuchapie ubao kwenye turubai la bango. Miraba ya sentimita 5.5, kwa hiyo uwanja ni sentimita 44 kwa 44. Ongeza pambizo la sentimita 3 kila upande kwa herufi na namba, jumla 50 kwa 50. Kwenye mita moja ya mraba zinatoka mbao nne, kwa hiyo chapeni zote kwa pamoja mzikate. Omba wino usiong'aa, la sivyo taa ya barazani inapiga macho. Miraba ya giza iwe ya kijani au kahawia, sio nyeusi tii, maana kete nyeusi zitazama humo. Kabla hawajachapa, kagua faili mwenyewe: a1 iwe ya giza na h1 iwe nyeupe. Mafundi hugeuza picha bila kujua, unaletewa ubao ambao malkia mweupe anakaa kwenye giza.

Kete: Mtwara ni nyumbani kwa wachongaji wa Kimakonde, kwa hiyo fundi wa kuchonga hakosekani. Ila mpe vipimo, usimwachie aamue, atakutengenezea sanamu nzuri za kuweka kabatini. Vipimo vinavyopendekezwa na FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, kwa urefu ni mfalme sentimita 9.5, malkia 8.5, askofu 7, farasi 6, ngome 5.5, askari 5. Kitako kiwe asilimia 40 hadi 50 ya urefu. Kipimo cha haraka cha kulinganisha na ubao: askari wanne waingie ndani ya mraba mmoja. Kwa hiyo kitako cha askari kwenye ubao wenu kisizidi sentimita 2.75.

Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, kwa hiyo kete nyeusi zitasimama imara. Za mti mweupe mwepesi zitakuwa zinaangushwa na upepo wa kusi. Mwambie fundi atoboe kitako, mtie kipande cha nondo au risasi ya wavuvi, mzibe kwa gundi na kitambaa. Kazi yenyewe ipo kwenye farasi. Akikwambia farasi wanne watachukua muda kuliko vingine vyote, mwamini. Kwa haraka yenu ya sasa, plastiki inatosha.

Mikindani e4

Hapo pa watu kukacha, dada au kaka mleta mada, pana hesabu yake. Kwa mfumo wa Elo, unaopima uwezo wa wachezaji kwa alama, mtu aliyekuzidi alama 200 anatarajiwa kuchukua takriban pointi 76 kati ya 100 mkichezapo. Akikuzidi 400, ni kama 91. Kwa hiyo hao wawili kushinda mfululizo ni kawaida kabisa, na kuwaambia wengine "ongezeni bidii" hakubadilishi kitu ndani ya mwezi. Badilisheni masharti ya mchezo.

Msitoe ngome wala malkia kama fidia. Ukimtolea mtu ngome, unamfundisha kubadilishana kete tu hadi ziishe, na mchezo haufanani na sataranji. Toeni muda. Mwenye nguvu dakika 5, mwenzake 15, wote na nyongeza ya sekunde 5 kila hatua. Ubao unabaki wa kawaida na yule mkali anatoka jasho kweli. Mnyonge akishinda mara tatu mfululizo, mpunguzieni dakika mbili.

Saa ni programu ya bure kwenye simu. Ila kuna mambo: weka simu kwenye hali ya ndege, kwa sababu simu ikiingia katikati ya mchezo programu inafunikwa na watu wanaanza kugombana nani alikuwa na sekunde ngapi. Zima kioo kujizima chenyewe. Na bonyeza kwa mkono uleule uliosogeza kete. Hiyo ni sheria, tena inazuia mtu kubonyeza kete ikiwa bado hewani.

Mchezo mmoja kila mkutano uwe wa taratibu: dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10. Kwa hatua 40 kila mmoja anapata karibu dakika 22, mchezo mzima hauzidi dakika 45 kwa kawaida. Hapo kuna nafasi ya kufikiri na bado mnabakiwa na zaidi ya saa nzima. Halafu dakika 15 za kuchambua, wawili waliocheza pamoja, bila kompyuta, aliyeshindwa akitangulia kusema aliogopa nini na wapi. Mtazamaji asiseme mpaka aulizwe. Hili ni gumu kuliko sataranji yenyewe, kwa baraza za kwetu.

Muda unaobaki mchezeni kwa jozi. Mkali na mnyonge timu moja: mmoja anataja jina la kete tu, "farasi", mwenzake anaamua farasi yupi na aende wapi, hawaruhusiwi kunong'onezana. Mnyonge ndiye asogeze, mkali ataje. Vicheko havikosekani, na mnyonge anajifunza kete ipi inastahili kufanya kazi sasa. Kitu kizuri sana hicho.

Mashindano ya mzunguko kwa watu wanane yanataka raundi saba na mbao nne, na mtu mmoja asipofika ratiba inayumba. Msimu wa korosho mtakosa watu kila wiki. Tumieni ngazi: orodha ya majina ukutani, unaruhusiwa kumpa changamoto aliye juu yako hatua moja au mbili, ukishinda mnabadilishana nafasi. Aliyepewa changamoto asipocheza ndani ya wiki mbili anashuka moja. Bila kifungu hicho walio juu watakuwa na udhuru daima.

Kusi_Mtwara

Ahsanteni sana, la turubai nalishughulikia Jumatatu. Bado nina maswali. Kuna mwenzetu anasisitiza kila mtu aandike hatua kwenye karatasi kwanza ndipo asogeze, eti inapunguza makosa. Ni sawa? Na nyumbani, wengi wana simu ila bando ni la kubana.

Mitwero

Salaam kutoka Lindi. Kuandika ni vizuri, kuandika kwanza hapana. Kanuni za FIDE zinakataza kuandika hatua kabla ya kuicheza, isipokuwa unapodai sare. Wakizoea hivyo wataonywa na mwamuzi siku wakienda mashindano. Wakae juu ya mikono yao kama lazima, waamue, wasogeze, wabonyeze saa, ndipo waandike.

Nyumbani: Lichess, tovuti na programu ya simu ya sataranji, ni bure yote, haina matangazo, na haitumii data nyingi. Mafumbo chagueni kwa mada, wiki nzima mada moja: farasi kupiga wawili kwa mpigo, mbano, mshikaki (kete kubwa mbele ikikimbia, ya nyuma inaliwa), meti (mfalme kukamatwa, hana pa kukimbilia) ya mstari wa mwisho. Dakika 15 kwa siku zinatosha, na fumbo lisijibiwe mpaka mtu aone jibu la mpinzani pia. Anayebahatisha kete ya kwanza ili aone kama kijani kitawaka hajifunzi kitu.

Kompyuta muiulize mwisho, baada ya kuchambua wenyewe. Inatoa namba ya nani yuko mbele, pointi moja ni kama askari mmoja; msifuatilie kila badiliko la 0.3. Tafuteni mahali ambapo namba imeruka kwa pointi mbili au zaidi, mara nyingi ni sehemu mbili au tatu tu kwenye mchezo, mkaulizane pale nini hakikuonekana.

Naongezea kitu ambacho hakijatajwa: mwisho wa mchezo. Dakika 20 za kwanza za kila mkutano, kabla wote hawajafika. Anzeni na hii: mfalme mweupe e4, askari e3, mfalme mweusi e6. Kama zamu ni ya mweusi, mweupe anashinda, kwa sababu mweusi lazima ampishe, na mfalme mweupe anaingia d5 au f5. Kama zamu ni ya mweupe, ni sare, mweusi akijua kumkabili uso kwa uso (wafalme kutazamana, mraba mmoja katikati yao). Chezeni pande zote mbili mpaka kila mtu aweze bila kufikiri. Kosa la kawaida ni kumkimbiza askari mbele. Mfalme ndiye atangulie. Mfalme mweupe akishafika e6 na askari wake yuko e5 nyuma yake, mweusi akiwa e8, mweupe anashinda hata zamu iwe ya nani.

Halafu askari wa pembeni, a au h: mfalme anayejilinda akiwahi pembe ya mbele, ni sare, hata ungekuwa na askofu wa rangi isiyogusa pembe hiyo. Baada ya hapo, ngome na mfalme dhidi ya mfalme, kwa saa, dakika mbili. Wengi wanaoringa kwenye ufunguzi wanakwama hapo mpaka hatua 50 zinapita bila kula wala kusogeza askari na mwenzao anadai sare.

Farasi wa Ligula

Mitwero, hiyo ya ngome kwa dakika mbili niongeze: wapeni kwanza dakika tano. Na wasipige cheki ovyo. Ngome ikate mstari, mfalme asogee kukabiliana, cheki ipigwe pale tu wafalme wanapotazamana uso kwa uso.